Milima ya Halwa ya Bi Hanna

Chekeni, chekeni tu, maana mie mwenyewe nikikumbuka siku ile hujifunika mtandio uso mzima nikatamani ardhi inimeze.

Tulikuwa hatujatimiza miaka miwili tangu tutoke Unguja, tumepanga nyumba Matrah, huko Omani, mume wangu ndo kwanza kapata kazi kwa tajiri mmoja, na tajiri kaletewa mgeni, mwanamke wa Kijerumani, msanii, Bi Hanna, na kwa kuwa mie nilisoma Kiingereza skuli nikatwikwa mie: nimtembeze sokoni, nimtafsirie, na kazi yake nimwekee kwangu. Mume wangu akanambia, "Ya yule bibi ikiharibika, na yangu imekwenda."

Na kazi yenyewe sasa! Bibi huyu vita vilimkuta utotoni, akilala na njaa, ndo mpaka ukubwani hachongi jiwe wala hachori, anatengeneza sanamu za vyakula. Walimu wake walimfukuza (mie pia n'ngemfukuza), halafu magazeti ya kwao yakamsifu, akaanza kualikwa huku na huku. Kwangu alikaa siku chungu nzima akifinyanga milima ya Matrah kwa halwa, kaichanganya na nta isilainike kwa joto, nyumba kazifanya kwa tende, ngome kaipanga kwa lozi. Alkhamisi akenda kumleta tajiri aje aione.

Nzi wakazidi. Mie na akili zangu nikaiweka kazi yake katika sinia, nikaifunika kawa la ukili, nikaitua katikati ya mkeka penye upepo, nikaingia jikoni kupika kahawa. Basi, kosa langu lote ni hilo kawa.

Kumbe mavyaa wangu (mama yake mume wangu) kaja na shoga yake, Bi Zuwena. Jamani, sinia ipo katikati ya mkeka, imefunikwa kawa, mgeni kaingia, kuna la kuuliza tena? Natoka na dele la kahawa, namkuta Bi Zuwena anatafuna mlima.

"Mashallah, mkwe wangu kajitahidi," anasema mavyaa, taya zinamganda. "Ngumu kidogo, lakini imepambwa."

"Usimvunje moyo mtoto," Bi Zuwena akasema, akameza kwa machozi, akachukua tonge jengine.

N'ngesema nini? Niwaambie watu wazima wale kuwa wanakula nta? Nikamimina kahawa nusu kikombeni nusu mkekani, wao wakadhani nna haya, wakazidi kula ili kunifurahisha! Ngome ikenda, nyumba zikenda, hata bandari haikubaki.

Mara Bi Hanna huyo, kaingia, tajiri na mume wangu wanangoja nje barazani. Akatazama sinia, akanitazama mie, akauliza kwa Kiingereza kazi yake iko wapi.

"Anasemaje?" akauliza mavyaa.

"Anasema... ana njaa." Wallahi ndo yaliyonitoka.

Bi Zuwena akainuka na kipande cha mwisho, akamtia mgeni mdomoni kwa mkono wake. "Kula, mwanangu, kula."

Bi Hanna akatafuna, machozi yanamlengalenga, nami nasikia mume wangu anakohoa huko nje, nikajua kibarua chake kimeota nyasi. Mara bibi akaketi kitako mkekani akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Akanambia kwao watu huizunguka kazi yake mikono nyuma, kisha wakenda zao, hajapata hata mmoja wa kumlisha. Akatoka akamwambia tajiri kuwa maonyesho yamefana, kazi imekwisha yote, haikubaki hata lozi ya kutazama, na tajiri akampa mume wangu mkono wa pongezi. Alhamdulillahi, kazi ikapona.

Iliyokufa ni sifa yangu mie. Nimeapa simpokei tena msanii nyumbani kwangu, hata awe anachora maua, kwa sababu mpaka leo nikenda kwenye shughuli Bi Zuwena hunidaka mlangoni kwa huruma, "Wewe kaa tu, mwanangu, halwa tutapika sisi," nami siwezi kujitetea, maana nikijitetea itabidi nimwambie alikula nini.