Fundi wa Meno Anayesikiliza kwa Vidole

Saa mbili na robo asubuhi, Damià Vanrell anapasha kisu kwenye mwali wa taa ya spiriti, analainisha nta ya rangi ya waridi, kisha anashusha jino moja la mbele kwa upana wa unywele. Analitazama. Analishusha tena.

"Hapo," anasema. "Sasa v itapata pa kukaa."

Damià ana miaka 61. Karakana yake iko nyuma ya kliniki ya meno mjini Sineu, kisiwani Mallorca, na kwa miaka 38 ametengeneza meno ya bandia. Seti nzima humwachia takriban euro 200, na kwa mwezi hapati zaidi ya seti saba. Maabara za mjini Palma humaliza kwa siku moja kwa kompyuta. Yeye huchukua wiki mbili, kwa sababu hayatoi meno mpaka yazungumze.

Ya leo ni ya Bi Coloma Serra, miaka 79. Tangu usichana wake amepanda jukwaani kila sikukuu ya Mtakatifu Antoni kurushiana mashairi ya papo kwa papo na yeyote anayethubutu. Jumamosi hii anakutana na Tòfol wa Artà, mtu asiye na huruma.

"Ameniambia nibaki nyumbani nikapike," anasema Bi Coloma. "Nimemwambia, wewe subiri tu."

Vuli iliyopita maabara moja ya mjini ilimpa meno mapya. Fundi wa huko alimhesabisha moja hadi kumi kwa Kihispania, akaridhika. Kihispania hakina v ya meno kugusa mdomo, wala z inayovuma. Bi Coloma alipofika nyumbani na kufungua kinywa kwa Kikatalani cha hapa, v zote zikawa b na z zikapiga mluzi. Kwenye kujibizana, mstari ukisikika nusu umeshashindwa.

"Nilijiona nimevaa mdomo wa mtu," anasema.

Damià hakushangaa. "Mreno wa Lisboni ana v hii. Mfaransa anayo, Muitalia anayo, na sisi wa visiwani. Wenzetu wa Barcelona waliiachia zamani. Sasa usipomuuliza mteja kwao wapi, unamtengenezea meno ya nani?"

Kinachomwacha mwandishi wa makala haya kinywa wazi ni kwamba Damià mwenyewe hazisikii herufi hizo. Mashine ya kusugulia imemla masikio, na sauti nyembamba kama s, z na f ndizo zilizotangulia kuondoka. Kumbe mazungumzo yetu yote alikuwa akisoma midomo yangu.

Daktari Francina Ferragut, mwenye kliniki, anampachika Bi Coloma meno yaliyoshikizwa kwenye nta. Damià anafumba macho, anaweka vidole viwili kwenye taya ya mama huyo na kimoja kooni.

"Mtukane Tòfol, Bi Coloma. Taratibu."

Bi Coloma hahitaji kubembelezwa. Ikipita z, koo linatetemeka. Ikipita s, linatulia. Kwa v anahisi mdomo wa chini ukipanda kulifuata jino. Anazipata zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua mchele gizani.

Mara tatu meno yanatolewa, nta inapashwa, yanarudishwa. Mara ya nne Bi Coloma anakohoa, anatupia jicho pai ya samaki aina ya mkunga na spinachi aliyokuja nayo, ambayo Damià keshakula nusu, na anaanza bila kuombwa:

"Vanrell sasa kazeeka,
masikio yameziba;
meno yangu kayaweka,
pai yangu kaiiba."

Daktari Francina anacheka mpaka anaegemea ukuta. Damià anafumbua macho, anamwona.

"Amenitukana?"

"Vibaya sana," daktari anamjibu.

"Basi meno yako sawa. Ijumaa uje uyachukue, Bi Coloma."

Tangu masikio yaharibike, Damià hajaenda kwenye mashindano hayo hata mara moja. Aliona atajitesa bure. Jumamosi anakwenda, na ameshachagua pa kusimama: chini ya jukwaa, mgongo wake kwa Bi Coloma.

"Nitawatazama watu," anasema. "Wakicheka kabla Tòfol hajafungua mdomo kumjibu, nitajua kila herufi imefika."