Amarelo, Rangi Yenye Uchungu

Juzi nilikuwa nimeketi mlangoni kwangu, hapa mtaani Hewa Bora, nikichambua sombe, majani ya muhogo, mwanamke mmoja kutoka upande wa Angola akapita akiuza vitambaa. Akaninyooshea kimoja: "Mama, kamata hii, amarelo muzuri." Kilikuwa cha njano. Nikamwomba alirudie lile neno, akalirudia. Sikuwa nimelisikia tangu enzi za ukoloni, mji huu ulipoitwa Élisabethville, na mara ya kwanza nililisikia likisemwa juu ya baba yangu.

Tulikaa cité, mtaa wa Waafrika, kwenye nyumba za matofali za wafanyakazi wa reli. Asubuhi king'ora cha karakana kililia, baba akapanda baiskeli yake. Mchana mtaa mzima ulinuka samaki wakavu wa Pweto, kule ziwani. Jumapili baada ya misa alinipeleka kwa Mreno mwenye duka, kununua mafuta ya taa na sukari. Mreno yule aliongea Kiswahili chetu, ila alipokosa neno alichomeka la kwao. Jumapili hiyo alimtazama baba usoni, akaiweka chini chupa ya mafuta.

"Macho yako iko amarelo," akasema. "Ngozi pia. Amarelo kabisa. Wende kwa munganga, ku hospitali."

Baba akacheka kidogo, akajibu kwamba ni uchovu tu.

Nyumbani nikamwambia mama kwamba baba ana amarelo. Nilidhani ni jina la ugonjwa, na mama akadhani vilevile. Habari ikapita kwa jirani, ikaenda kwa jirani wa pili. Wanawake waliozoea kunywa munkoyo kwetu, ile togwa yetu ya mahindi, wakaanza kuja na vikombe vyao, kisha wakaacha kuja. Nkambo, bibi yangu mzaa baba, alisema ugonjwa wenye jina la kizungu humaliza mtu hospitalini. Akamchemshia majani machungu. Baba aliyanywa, akazidi kukonda, na hospitali hakutaka hata kuisikia.

"Bakiniingiza kule, sitatoka," alisema.

Likizo kubwa ikafika, yaya akarudi. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. Wangu alikuwa seminari ndogo, akisoma Kilatini, na mama alikwisha kumwona padri kabisa. Alimkuta baba amelala mkekani nyuma ya nyumba. Nikamnong'oneza kwamba ni amarelo.

"Nani alikuambia ile neno?"

"Mureno wa dukani."

Akanishika mkono tukaketi karibu na mkeka. "Baba, amarelo haiko jina ya ugonjwa. Ni rangi. Ni jaune tu, njano."

"Rangi tu?" baba akauliza.

"Rangi tu." Halafu yaya, aliyependa maneno kuliko chakula, akajisahau. Akaeleza kwamba lugha hizi zote zimezaliwa na Kilatini, lakini kwa rangi hii ndugu waligawanyika. Wafaransa na Waitalia walilitoa lao kwa galbinus, njano iliyo karibu na kijani. Wareno na Wahispania walishika amarus, maana yake chungu. Padri aliyemfundisha alifikiri kwamba watu wa zamani waliwatazama wagonjwa wa nyongo, wakaona sura zao, wakaiita rangi ile "yenye uchungu kidogo".

Nkambo alikuwa akisikiliza, kikombe cha majani mkononi. "Kumbe na bale ba zamani balijua nyongo," akasema polepole.

Baba akainua kichwa. "Na balikuwa banapona?"

"Bengine balipona," yaya akajibu. Hakutaka kumdanganya. "Balikuwa bila munganga ya leo. Twende, baba. Mi mwenyewe nitakupeleka."

Kesho yake walikwenda, baba amekaa juu ya baiskeli yake mwenyewe, yaya akitembea na kuisukuma.

Hospitalini walimlaza hadi miti ya jakaranda ilipochanua barabarani. Macho yake yakarudi meupe, lakini nguvu za kuinua nyundo hazikurudi, na nyumba ile ya matofali ilikuwa ya reli, ya mtu anayefanya kazi karakana tu. Sanduku la yaya la kurudia seminari lilikuwa limekwisha fungwa.

"Wende, mutoto yangu," baba alimwambia. "Tutaona."

"Nitaenda mwaka kesho."

Mama alipiga magoti, akafungua sanduku, akaanza kuyatoa mashati moja baada ya jingine na kuyakunjua. Jumatatu king'ora kilipolia, yaya ndiye aliyepanda baiskeli.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akilima mboga nyuma ya nyumba. Nkambo alimtangulia. Mahali pa duka la Mreno sasa wanachaji simu, na kijana anayekaa pale hajui kwamba paliwahi kunuka mafuta ya taa. Yaya naye ametutoka, mikono yake migumu kama ya baba. Seminari hakuisema tena, wala sisi hatukumuuliza.

Kilatini chenyewe kiliondoka hata kanisani, yaya angali hai. Jumapili misa iliposomwa kwa Kiswahili mara ya kwanza tulifurahi sana, maana tulielewa kila kitu, na yaya aliimba pamoja nasi. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani alibaki nyuma, akitamka peke yake, kwa sauti ya chini, yale majibu ya misa ya zamani, ya Kilatini. Nikapunguza mwendo ili nimsikie.