Tiketi ya Mizani Ukutani kwa Fundi

Madereva wa malori walimwita Mizani, na jina lilimkaa kama sare. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameketi katika kibanda cha kioo kando ya barabara kuu, mbele yake skrini, kushoto mashine ya kuchapa tiketi, kulia kikombe cha chai kilichofunikwa kwa sababu ya vumbi. Lori likipanda bamba la chuma, yeye husoma uzito wa kila ekseli, ule mhimili wa magurudumu, huchapa, hugonga muhuri. Limezidi, linaegeshwa. Halijazidi, linapita. Hakuna dereva aliyewahi kusema kwamba Mizani alimpunguzia hata kilo moja, ingawa walishajaribu kila mlango: utani, machozi, kujuana, hata kuku hai aliyefungwa miguu.

"Dada, mchanga wenyewe mkavu huu. Umelowa tu mvua ya asubuhi."

"Basi ukauke. Egesha pale, ukikauka urudi."

Alikuwa mwanamke mnene, wala hakuhitaji kukumbushwa. Madereva walimkumbusha hata hivyo. "Na wewe nani anakupima?" wangemuuliza, tiketi ya kuzidisha mzigo mkononi. Naye angejibu bila kuinua macho, "Mimi sina ekseli. Mwingine!"

Daktari hakumwambia anunue baiskeli. Hakuna aliyemwambia. Kila Jumamosi asubuhi kundi la waendesha baiskeli za mbio lilipita mbele ya kibanda, migongo imeinama, tairi nyembamba kama kidole, na sauti yao juu ya lami ilikuwa kama ya kitambaa kinachochanwa taratibu. Ni wao peke yao waliopita kituo kile bila kusimama. Yeye, ambaye kazi yake ni kusimamisha, aliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona, kisha akarudi kwenye skrini. Mwaka mzima aliwatazama hivyo. Mwaka wa pili akamwambia mumewe, fundi wa majokofu, kwamba anataka baiskeli ya mbio ya kwendea kazini. Kilomita kumi na saba.

Mumewe aliweka bisibisi mezani. "Mama watoto, hiyo baiskeli imekukosea nini?"

"Inanipita kila Jumamosi."

"Haya. Lakini mimi sitakimbia nyuma nikiwa nimeshika kiti."

Duka alilokwenda lilikuwa la ghorofa moja, chini baiskeli, nyuma karakana. Mwenye duka alikuwa kijana mwenye haraka, na fundi wake alikuwa mjomba wake, mtu mkavu wa miaka sitini hivi, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Mjomba huyo ndiye aliyelijengea duka jina. Magurudumu ya kiwandani, alisema, yametengenezwa kwa mtu asiyekuwepo, mtu wa wastani. Yeye alisuka gurudumu la kila mteja kwa mkono: kitovu katikati, rimu pembeni, na kati yake spoku, vile vijiti vyembamba vya chuma, akivikaza kimoja kimoja huku akivigonga kwa ukucha na kusikiliza. Kabla hajaanza aliuliza mambo mawili tu na kuyaandika ukutani kwa chaki.

"Uzito wako? Na barabara yako?"

Dukani siku hiyo walikuwamo watu wengine watatu, wembamba, wamevaa nguo za kubana. Mmoja wao alikwisha kumtania alipokuwa akijaribu fremu. "Dada, hiyo ni ya mbio, si ya kubebea gunia."

"Gunia halikanyagi pedali," alimjibu, na wenzake wakamcheka yule mtani, si yeye. Alikuwa ameshinda. Pengine ndiyo maana alishindwa swali lililofuata.

"Barabara ni lami, ina mashimo," alisema. "Uzito, tisini na nane."

Kitabu chake cha kliniki kilisema mia na ishirini na moja. Namba hiyo aliijua kama anavyojua tarehe ya kuzaliwa kwake. Lakini tarakimu tatu ziligoma kutoka mbele ya wale watu, na kilichotoka ni namba ambayo yeye, kuliko mtu yeyote mle ndani, alipaswa kuitambua. Miaka kumi na mmoja alikuwa akisikia namba za aina hiyo dirishani. Dereva mwongo hatoi namba ndogo sana. Hutoa namba iliyo chini kidogo tu ya mpaka.

Fundi akaandika ukutani: *98, lami, mashimo.* Hakutazama mwili wake. Hakuwa mtu wa kukadiria wateja kwa macho, na hilo nalo lilikuwa sehemu ya heshima yake.

Baiskeli ilikuwa ya bluu. Wiki ya kwanza aliifikisha nusu ya njia, akarudi akiwa ameiweka juu ya gari la mumewe. Wiki ya pili alifika kazini, miguu ikitetemeka hivi kwamba alisoma malori mawili ya kwanza akiwa ameegemea meza. Alijifunza kukaa juu ya kiti kidogo kisichosamehe, kubadilisha gia kabla ya kilima badala ya katikati yake, kukojoa kabla ya kutoka nyumbani. Madereva walipiga honi. Wengine walipunguza mwendo wakatembea sambamba naye, wakaegemea dirishani. "Mizani! Umezidisha mzigo! Egesha!" Aliinua mkono mmoja kuwajibu, mkono aliokuwa amejifunza kuuachia usukani siku mbili tu zilizopita, na mwenzake wa zamu, aliyekuwa akimsubiri mlangoni mwa kibanda, anasema hajawahi kuona mtu aliyefurahi namna ile huku jasho likimwingia machoni.

Wiki ya tatu, kwenye kilima cha kilomita ya tisa, nyuma kukalia *tang*. Kisha *tang* ya pili. Gurudumu likaanza kuyumba na kusugua breki. Spoku mbili zilikuwa zimekatika. Alishuka, akaikokota kilomita nane zilizobaki, akafika kazini akiwa amechelewa kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi.

Jioni aliipeleka dukani. Mwenye duka aliliinua gurudumu, akalizungusha, akalitazama likicheza kushoto na kulia.

"Mjomba! Njoo uone kazi yako."

Mjomba akaja akijifuta mikono.

"Wiki tatu, Mjomba. Tatu! Nimekuwa nikikwambia habari ya macho yako, ukaniona mtoto. Leo dada wa watu kakatikiwa barabarani. Angegongwa je?"

"Nilizikaza zote sawa."

"Basi zimekatikaje?"

Fundi alivaa miwani. Akapitisha kidole gumba juu ya spoku zilizobaki, moja baada ya nyingine, akigonga na kusikiliza, kama mtu anayetafuta jino bovu. Alipomaliza mzunguko akaanza tena. Mizani alisimama kando ya mlango, kofia ya baiskeli mkononi. Juu ya kichwa cha fundi, ukutani, chaki bado ilisomeka: *98, lami, mashimo.*

"Labda ni macho," fundi akasema hatimaye.

"Basi tumalize, Mjomba. Mwisho wa mwezi huu tunaacha kusuka. Tutauza ya kiwandani, wewe utaziba pancha na kukaza breki. Hakuna anayekufukuza."

 Fundi alivua miwani, akaiacha ining'inie kifuani.

Hapo ndipo Mizani alipaswa kusema. Hakusema. Alisema kesho atapita, akatoka, akapanda basi, na njia nzima alikaa na kofia mapajani akilijua wazi jambo alilolitenda. Namba yake ya uongo haikuwa yake tena. Ilikuwa imepanda juu ya macho ya mzee wa watu na kuyalemea.

Kesho yake asubuhi dereva wa lori la kokoto alisimama dirishani. "Dada, tani ishirini na tano na nusu, nakuapia kwa mama yangu." Mpaka ulikuwa ishirini na sita. Skrini ilisema ishirini na tisa.

Mizani aliitazama skrini kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mwache mama yako apumzike," alisema. "Egesha."

Lori lilipoondoka, alimwita mwenzake wa zamu, kijana mpole aliyempenda kama mdogo wake wa kumfuata. "Kaa kwenye kiti changu."

"Unaenda wapi, dada?"

Alikuwa tayari ametoka. Alitembea mpaka katikati ya bamba la chuma, akasimama, mikono imenyooka ubavuni kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Foleni ya malori ilimtazama. Honi moja ililia, kisha ikanyamaza yenyewe.

"Soma!" aliita.

"Mia na ishirini!"

Mashine ile hupima malori, kwa hiyo huhesabu kwa ishirini ishirini. Haikuijua ile kilo moja ya juu.

"Chapa."

"Namba ya gari?"

"Andika haina."

"Aina ya mzigo?"

"Mwenyewe. Chapa, ugonge muhuri. Tunawacheleweshea watu."

Jioni dukani walikuwamo wateja wanne, na mmoja wao alikuwa yule wa gunia. Mizani hakungoja watoke. Alipita moja kwa moja hadi karakana, mwenye duka akimfuata, akaiweka tiketi juu ya meza ya fundi.

"Uzito niliokutajia haukuwa wa kweli. Huu ndio. Na mashine yetu inakata, ongeza kilo moja."

Mwenye duka alichungulia tiketi juu ya bega la mjomba wake. Akatazama ukuta. Akakohoa. "Aa, dada... sasa sisi tungejuaje?"

"Msingejua. Ndiyo maana nimekuja."

Fundi alivaa miwani, akaisoma tiketi yote, mpaka palipoandikwa *mzigo: mwenyewe*. Mizani alidhani atacheka. Hakucheka.

"Jana nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu nimekuwa kipofu," alisema. "Nikafunga droo ya vifaa. Ulinifanya niyakatae macho yangu mwenyewe, binti."

"Najua. Nisamehe."

"Kwa kilo tisini na nane gurudumu lile lisingekatika miaka kumi."

"Najua hilo pia."

Fundi alimwangalia kidogo, kisha akachukua kitambaa, akafuta ukuta. Akaandika upya kwa chaki, taratibu, tarakimu tatu, kubwa, mtu aliye mlangoni angeweza kuzisoma. Yule mtani wa gunia alizisoma.  Mizani alisimama palepale mpaka namba ilipokamilika na fundi akaibandika tiketi kando yake.

"Spoku thelathini na sita," fundi alisema, akifungua droo, "na tairi nene kidogo. Nitasuka kwa mia na arobaini, hata mashine yenu ikikata tena." Kisha, bila kugeuka, "Mpwa wangu, ile habari ya mwisho wa mwezi?"

"Nimekosea, Mjomba."

"Sema kwa sauti. Macho mazima, masikio ndiyo yameanza kuchoka."

"Nimekosea, Mjomba!" Na karakana nzima ikacheka, mwenye duka akiwamo.

Gurudumu hilo ndilo analotembelea mpaka leo, mwaka wa pili sasa, na halijakatika hata spoku moja. Mwili wake umepungua kidogo, si sana, wala hapendi kuulizwa. Jumamosi akiwa na zamu bado hulitazama lile kundi likipita. Jumamosi asipokuwa na zamu hupita nalo, wa mwisho, hatua mia nyuma yao, akipita kando ya foleni ya malori.

"Mizani!" dereva fulani humwita kutoka juu. "Wewe nani anakupima?"

"Nimeshapimwa!" hujibu bila kusimama. "Tiketi iko ukutani kwa fundi, nenda ukaisome."