Kopo la Dawa Chini ya Kitanda

Nyumba tuliyopanga Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, ukumbi mmoja mrefu, choo kimoja uani na kopo moja la dawa. Kopo hilo ndilo lililomuua mama yangu. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka kulisema kwa upole.

Lilikuwa kopo la bati, la biskuti, na lilikaa chini ya kitanda cha jirani yetu wa chumba cha mbele, mama mmoja wa Kilimanjaro ambaye mumewe alikuwa na duka la jumla hatua chache kutoka sokoni. Mpangaji akipona, vidonge vilivyobaki alimpelekea yeye. Mumewe naye alileta vingine, sijui kutoka wapi, na hakuna aliyeuliza. Jirani alivifunga kwenye vipande vya kanga kuukuu, kila maradhi na rangi yake: vyekundu vya homa, vya njano vya tumbo, vya buluu vya moyo kwenda mbio. Miaka hiyo ukienda zahanati uliambiwa dawa hakuna, uje kesho, na kesho uliambiwa hivyo hivyo. Sabuni hakuna, sukari hakuna, dawa hakuna. Redioni tulihimizwa kugawana kidogo tulicho nacho. Sisi tukagawana hata tusichokijua.

Mama alikuwa na pumu. Alikuja mjini kutoka Lindi na baba, na baba akaja akamkumbuka mwanamke mwingine Tabora, akapanda treni, ikawa basi. Tukabaki wawili. Mama alipepeta mchele na kuuchagua mawe kwa ajili ya wenye vibanda sokoni, kazi ya vumbi kutwa nzima, kazi mbaya kuliko zote kwa mtu mwenye kifua kama chake. Nilikuwa kidato cha tatu na nilimwomba aiache. Alinijibu, "Nikiiacha utakula hayo madaftari yako?" Hakuwa na maneno mengi mama yangu, lakini machache aliyokuwa nayo yalikuwa makali.

Alikuwa na vidonge vyake vya pumu, vyeupe, vichungu. Akimeza, kifua kilifunguka, lakini moyo ulianza kukimbia na mikono kutetemeka hata ungo akashindwa kuushika. Kubanwa kifua alikuwa amekuzoea. Ule moyo ndio uliomtisha, kwa kuwa mama yake mzazi alianguka ghafla shambani, na kwao walisema ni moyo. Kila ulipoanza kudunda alikaa kwenye mkeka, kiganja kifuani, macho mlangoni.

Siku hiyo nilikwenda kupanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika. Watu walikuwa wameweka mawe toka alfajiri kushika nafasi zao, nami nikaweka langu. Sukari ilifika mchana, nikapata kidogo, nikarudi mbio kwa furaha kama mjinga. Nilimkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yamepanda hadi masikioni. Jirani alikuwa pembeni akimpepea kwa mfuniko wa sufuria. Kifua cha mama kikibana kilikuwa kinapiga mluzi tukausikia mpaka uani. Siku hiyo kilikuwa kimya kabisa.

"Afadhali," jirani aliniambia, "mluzi umeacha. Anatulia sasa."

Hakuwa anatulia. Kifua kilinyamaza kwa sababu hapakuwa na hewa ya kupiga huo mluzi. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Tulimbeba hadi barabarani, na mzee mmoja muuza vipuri vya magari mtaa wa Gerezani akatupakia kwenye pikapu yake. Mama alikaa katikati yetu, na mkono alioushika ulikuwa wa jirani, si wangu. Niliona. Hata katika hali ile niliona, na niliumia.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimchoma mama sindano ya adrenalini ya kufungua kifua, akasubiri. Akachoma tena. Mama aliendelea kuivuta hewa kwa shingo nzima na hewa haikuingia.

"Amekunywa dawa gani leo?" daktari aliuliza.

Jirani alifungua mdomo, akamtazama mama, kisha akasema, "Dawa zake za siku zote tu, daktari."

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna."

Daktari akachoma tena ileile, kwa sababu kwa maelezo aliyopewa ile ndiyo iliyopaswa kufanya kazi. Alipoagiza dawa nyingine ya mshipani, ilikuwa imefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa hajulikani alipo. Mama alikufa kabla kabati halijafunguliwa, mkono wake ukiwa bado katika mkono wa jirani.

Baada ya mazishi nilifagia chumba. Chini ya kitanda nilikuta kipande cha kanga cha buluu, fundo limefunguliwa. Nilikitupa na takataka. Katika nyumba ile vipande vya kanga vilizagaa kila mahali.

Nilimaliza shule, nikachaguliwa kusomea uganga msaidizi wa hospitali. Ndipo mwalimu mmoja, mtu wa sauti ya chini anayefundisha huku ametugeuzia mgongo, akatueleza habari za misuli laini. Kuna misuli unayoiamuru, alisema, na kuna isiyokusikiliza. Mkono ukiuambia ukunjuke, unakunjuka. Misuli inayozunguka njia za hewa haikusikii hata ulie. Kalsiamu ikiingia katika seli zake, inabana, ikiondoka, inalegea. Mwili una adrenalini yake, ambayo hufika kwenye vipokezi vya misuli hiyo, ndivyo viti vyake vya kukalia, na kuiambia iachie. Vidonge vyeupe vya mama vilipitia njia hiyo hiyo. Ila moyo nao una vipokezi vya jamaa moja na hivyo, na wenyewe ukiguswa hapo haulegei, unakimbia.

Kumbe lile dundo lililomtisha miaka yote lilikuwa ishara kwamba dawa inafanya kazi.

Kisha akaandika ubaoni propranolol. Hutuliza moyo, alisema, kwa kukaa kwenye vipokezi hivyo ili adrenalini ikose pa kukaa. Ila haichagui. Inakalia vya moyo na inakalia vya kifua. "Kwa hiyo mwenye pumu hapewi. Ukimpa, misuli inabana na hakuna wa kuilegeza. Mnaweza kumchoma adrenalini mpaka asubuhi, inakuta viti vimejaa. Hapo mkimbilie aminofilini ya mshipani, hiyo ina mlango wake mwingine."

Jina lile nilikuwa nalijua. Lilibandikwa kwenye kichupa ambacho mama alikifanya cha kuwekea sindano zake za kushonea, kichupa kitupu alichopewa na jirani, vidonge vikishahamishiwa kwenye kanga. Nilikuwa nacho bwenini. Usiku nilikishika nikakumbuka kanga ya buluu, nikakumbuka mdomo wa jirani ukifunguka na kufungika mbele ya daktari. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Mtu anaweza kukosea kwa kutojua, hilo ningelimeza. Lakini yule mama aliulizwa, mara mbili, akasema hakuna.

Likizo ilipofika nilikwenda Kariakoo kwa jirani. Chumba kilikuwa kilekile. Mumewe alikuwa amefunga duka, anakaa barazani na redio isiyo na betri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, jirani akatoka akinikumbatia na kuniita mwanangu. Sikungoja hata kukaribishwa kiti. Nilimweleza yote, misuli, vipokezi, kidonge, na sikupunguza ukali. Nilimwambia kidonge chake kilifunga kifua, na uongo wake ulimzuia daktari asikifungue.

Alikaa chini kwenye mkeka polepole.

"Mimi miaka yote hii nilidhani kile kidonge ndicho kilichomfikisha hospitali akiwa hai," alisema.

"Kwa nini ulisema hakuna?"

Alitazama mlangoni, kule alikokaa mumewe. "Wiki ile askari walikuwa wamekuja kupekua dukani kwetu. Ukikutwa na dawa bila cheti, wewe ni mlanguzi, unafungwa, hamna cha kujieleza. Mama yako alijua. Tulikuwa tumelia naye hapa hapa." Akanigeukia. "Lakini nilitaka kusema, mwanangu. Haki ya Mungu nilifungua mdomo. Mama yako akanibana mkono. Hivi."

Alinishika mkono akaubana, kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mwanamke wa umri ule.

"Akanitazama, akatikisa kichwa. Hakuwa na pumzi ya kusema. Nikasema hakuna."

Nilitaka kumwambia mwongo. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini nilikuwa nimeuona ule mkono. Ndani ya pikapu, kitandani, mpaka mwisho, nilikuwa nimeuona, na kwa miaka nilimwonea wivu kwa kushikwa yeye badala yangu.

Nilitoka bila kuaga, nikapita kati ya vibanda vya mchele ambako wanawake walikuwa wakipepeta na vumbi kutuama juu ya vitambaa vyao vya kichwa. Mtu niliyemkasirikia hakuwa tena chumba cha mbele. Mama yangu alikuwa amebakiwa na nguvu kidogo tu mwilini, na hakuzitumia kuvuta hewa wala kunishika mimi. Alizitumia kumficha jirani. Mama sijamsamehe bado.