Dawa ya Damu

Juzi nilikwenda Kariakoo kutafuta vitenge vya harusi ya mdogo wangu. Msukuma mkokoteni akanipigia kelele kutoka nyuma, "Mguu, mguu!", nami nikaruka pembeni kabla akili haijaniambia niruke. Ndivyo tulivyo sisi tuliokulia mitaa ile. Nikaegemea ukuta wa ghorofa moja la vioo, ndipo nikatambua kwamba nimesimama pale pale ilipokuwa nyumba ya bibi yangu.

Wewe hukuiwahi nyumba ile. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kupangisha, ukumbi katikati na uani nyuma, na bibi akikaa chumba cha mbele ili aone nani anaingia na nani anatoka. Asubuhi kulinukia vitumbua na mafuta ya taa. Mchana muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, cherehani zikakimbia barazani, na kila duka likafungulia redio kulishinda la jirani. Hatukuwa tunaiita kelele. Ilipokatika ghafla tulidhani mtaani kuna msiba.

Chumba cha mwisho cha uani alikaa mama mmoja wa kutoka bara, mwanamke mchapakazi aliyeuza mitumba. Binti yake alikuwa rika langu na tulisoma darasa moja. Huyo binti ndiye ninayemkumbuka kila nikisikia "mguu, mguu".

Alikuwa anasikia na alikuwa hasikii. Alfajiri, tukiosha vyombo kabla mtaa haujaamka, tulinong'onezana umbea na hakupitwa na neno. Jua likipanda, mtaa ukichangamka, ungemwita mpaka ukachoka. Alikutazama midomo, akatabasamu, akaenda, akarudi na kiberiti wakati umemtuma vitunguu. Shuleni, darasa lilivyokuwa limejaa hadi madirishani, mwalimu alimwita kiburi na kumchapa. Nyumbani mama yake naye alimchapa. Bibi yangu, ambaye hakupenda kuita mtu mara mbili, alisema huyu anasikia anachokitaka. Kitu kimoja tu mama yake hakukubali: binti avuke barabara peke yake. Ukimwuliza kwa nini, alisema moyo wake hautaki.

Mwaka ule tulipokuwa tunakaribia kumaliza shule ya msingi, yule mama alikuwa mjamzito tena. Kila alasiri alitoka chumbani na kikombe cha bati chenye rosela iliyokolea mpaka ikakaribia weusi. Kliniki walikuwa wamemwambia damu yake ni ndogo, na hiyo, alisema, ndiyo dawa ya damu, aliyoitumia hata mimba ya kwanza. Bibi akaichukulia kama kazi yake. Akimaliza tu kuswali alipaza sauti kutoka kwenye mkeka, "Mwanangu, umekunywa dawa yako?" Siku moja nilikishika kile kikombe, nikanusa kitu kingine chini ya utamu wa rosela, kikali, kama unga uliochacha. Nilijua dawa zote hunuka vibaya, kwa hiyo sikushangaa.

Basi Ijumaa moja bibi akaamua kumaliza ubishi wa masikio ya binti yule. Wanaume walikuwa msikitini, maduka yamefungwa, mtaa umenyamaza kabisa. Mwenzangu alikuwa uani amekalia mbuzi, anakuna nazi, ametupa mgongo. Bibi akasimama kwenye mlango wa ukumbi, akanong'ona, "Nani anataka kashata?"

Mwenzangu akageuka pale pale, anacheka, mkono umeshanyooka.

"Mmeona?" bibi akawaambia wanawake wenzake. "Mzima huyu. Jeuri tu."

Wote tulicheka, na kashata alipewa. Mama yake hakucheka sana, lakini baada ya hapo aliona haya kuendelea kumzuia. Binti akaanza kutumwa sokoni kama sisi wengine, na alifurahi kweli. Tulipotumwa pamoja nilimshika mkono, bila kujua naogopa nini. Tukiwa mbali mbali, nilikuwa namhesabia muda wa kurudi.

Siku yenyewe ilikuwa karibu na Idi, watu wamejaa mpaka katikati ya njia. Nilikuwa barazani nasukwa nywele. Nilimwona anarudi na kikapu cha nazi, anaangalia watu, ana raha zake. Nyuma yake ukaja mkokoteni uliosheheni majora ya vitambaa. "Mguu, mguu!" Watu wakajigawa huku na huku bila hata kugeuza shingo, na yeye akabaki katikati. Msukuma mkokoteni akaita tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Nikasikia kitu kinavunjika. Nilijiambia ni nazi.

Hospitali, tulikompeleka mimi, bibi na mama yake, walimfunga mguu plasta. Daktari aliyekuja kumwona baadaye aliongea naye mlango umefungwa, kisha akaufungua, zikaingia kelele za watu wa koridoni, akaongea naye tena kwa sauti ile ile. Mwenzangu akaanza kumtazama midomo. Daktari akatueleza kwamba masikio yake yanapokea sauti vizuri, ila penye kelele kichwa kinashindwa kuzitenganisha. Akamwuliza mama yake habari za ile mimba ya kwanza, iliyomzaa mwenzangu: homa, dawa, pombe.

"Pombe mimi sinywi, daktari," alisema. "Nilikunywa dawa ya damu tu."

"Dawa gani?"

"Rosela na bia nyeusi. Ile chungu. Kwetu wanasema inajaza damu. Wala silewi."

Bibi yangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuruhusu chupa ya pombe ipite mlangoni kwake, alitafuta pa kukaa. Daktari hakumgombeza mtu. Alisema hawezi kuapa kwamba sababu ndiyo hiyo, lakini mama anachokunywa kinamfikia mtoto, na pombe inaweza kumharibia mambo mengi, usikivu ukiwamo. Kisha akamtazama vizuri yule mama, kitenge alivyokifunga juu ya tumbo. "Hata mara moja usinywe tena," akasema. Mama yule akalishika tumbo lake kwa mikono miwili, na mpaka tunafika nyumbani hakuwa ameiondoa.

Walirudi kwao bara kabla mtoto hajazaliwa. Mwenzangu aliondoka akichechemea. Tuliagana alfajiri, mimi ndiye niliyeomba iwe alfajiri, ili anisikie. Kama mdogo wake alizaliwa salama, sijui. Bibi alifariki akiwa bado anauliza, na tangu siku ile ya hospitali sikumsikia tena akimkumbusha mtu kunywa kitu.

Hayo yote yamekwisha: baraza, cherehani, muuza kahawa, bibi kwenye mkeka wake. Iliyobaki ni mikokoteni. Nilijifuta jasho, nikaingia duka la vitenge lililo chini ya lile ghorofa. Muuzaji alikuwa binti mdogo, tumbo limemjaa, na kando yake glasi ya rosela, nyekundu inayokwenda kwenye weusi. Aliona ninavyoitazama.

"Dawa ya damu hiyo, dada," akasema, anacheka.

Nikamwuliza amechanganya na nini. Spika ya duka la jirani ilikuwa inanguruma, hakunipata. Nikavuta stuli, nikakaa karibu yake kabisa, nikauliza tena.