Rafu ya Kanda za Kihindi

Kwa miaka ishirini na sita Mama Kanda aliwarekodia watu nyimbo za filamu za Kihindi. Rafu yake ilikuwa bado imesimama nyuma ya duka, ingawa siku hizi duka lilikuwa la simu na mwenye duka alikuwa mtoto wa kaka yake. Bwana huyo hakuwa na ubaya. Alimwambia shangazi yake kwa adabu zote kwamba Jumamosi rafu itang'olewa, maana makava ya simu yamekosa pa kukaa. Mama Kanda hakuwa na nguvu za kubishana. Magoti yalikuwa yanamuuma, akaketi kwenye kistuli akaanza kufuta vumbi kanda zinazokwenda kutupwa.

Ijumaa akaja mtangazaji wa redio, mtu mzima na kitambi chake, anatafuta nyimbo za kipindi cha kulinganisha waimbaji wa zamani na wa sasa. Alisoma ubavuni mwa kanda akakuna kichwa. Zote zilikuwa na majina ya waigizaji. Mama Kanda akamweleza, kwa uchovu wa mtu aliyekwisha ulizwa mara mia, kwamba wateja walikuwa wakitaka wimbo wa yule dada wa sari aliyelowa mvua. Nani angemtaja mwimbaji mwenyewe, mwanamke aliyejifungia chumba cha kurekodia akamwimbia, asiyeonekana hata kisigino? Naye akaandika walivyotaka. Kosa hilo alikiri ni lake.

Mtangazaji akachagua kanda mbili akazipiga kwenye redio kaseti ya Mama Kanda: moja ya enzi za picha nyeusi na nyeupe, nyingine ya miaka thelathini baadaye. Akasema huyu wa kwanza sauti yake nyembamba kama uzi, huyu wa pili nzito, kwa hiyo enzi mbili za kipindi chake amezipata.

Mama Kanda akaomba azirudie. Akafumba macho.

"Baba, hapo umechukua mtu mmoja."

Mtangazaji akacheka, akamwonyesha majina.

"Sura ndizo mbili. Sikiliza kabla ya neno la mwisho, anaiba pumzi. Kule anaiba kwa maringo. Huku anaiba kwa kuchoka, na bado wanamwimbisha sauti ya msichana wa miaka kumi na minane."

Bwana yule alirudisha kanda mara tatu, kicheko kikamwisha. Akajaribu wimbo wa mwaka huu kwenye simu yake. Mama Kanda akasema binti anaimba vizuri, ila mashine imemfuta pumzi zote, hata huwezi kujua ni mtoto wa nani.

Hapo mtangazaji akamwendea mwenye duka, akamsihi rafu isiguswe mpaka kila kanda iandikwe jina la aliyeimba. Mwenye duka akatazama maboksi yake ya makava, akashusha pumzi.

"Shangazi, utamaliza lini?"

"Sijui, mwanangu. Siku hizi masikio yangu yanafanya kazi asubuhi tu." Akanyoosha mkono apewe kalamu. "Hayo makava yaweke chini ya meza kwanza."