Mwaka wa Kwanza wa Doreen

Orest Hnatiuk hakuwa na mtoto. Naanza na hilo ili nisimpotezee mtu muda, maana sisi tulipotezewa miezi kumi na mmoja. Alikuwa fundi wa mitambo ya joto, mwanamume wa miaka hamsini na minane, masharubu ya kijivu, soksi nene za kufumwa kwa mkono. Kila Jumatano saa nne asubuhi alikaa nasi kwenye duara la wazazi, chini ya ukumbi wa kanisa pale Brandvold, akatueleza jinsi binti yake mchanga Doreen anavyomtesa. Tulimwamini. Mimi nilimwamini kuliko wote, na jambo hilo liliniudhi kwa muda mrefu.

Duara lile lilikuwa la Nesi Glenda wa zahanati, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima. Sheria yake ilikuwa moja. Kulikuwa na bata bukini wa kitambaa, jicho moja limeng'oka, na aliyemshika bata ndiye msemaji. Wengine wote kimya, kahawa mkononi, mtoto gotini. Humkatizi mwenye bata hata kama mwanao anakula zulia.

Siku aliyokuja Orest ilikuwa Januari, baridi nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, na mtambo wa joto wa kanisa ulikuwa umezimika. Nesi Glenda alikuwa amepiga simu mjini Tolvik, kilomita sabini kutoka kwetu, ili aletwe fundi. Fundi akaja. Lakini kwetu mtu haingii ndani na viatu, hata kama jengo linaungua. Kwa hiyo Orest alivua buti mlangoni, akatundika ovaroli lake kwenye vigingi pamoja na makoti yetu, akateremka ngazi na soksi zake na mfuko mkubwa mweusi begani. Ndani ya mfuko kulikuwa na spana na bisibisi. Sisi tuliona mfuko wa nepi.

"Karibu, baba, usione haya," akasema Nesi Glenda, keshamtia kikombe mkononi.

"Asante, mama. Nimekuja kwa ajili ya…"

"Tunajua umekuja kwa ajili ya nini. Sote hapa ni hilo hilo lililotuleta. Kaa kwanza."

Akakaa. Angefanyaje? Kwetu kukataa kahawa ni tusi, na bata alikuwa kwa Dallas, baba wa mapacha, ambaye akishika bata utadhani ameshika usukani wa basi la safari ndefu. Orest alisubiri apate nafasi ya kusema yeye ni fundi. Dallas alitueleza kwa dakika ishirini jinsi mapacha wake wanavyopenda mchicha. Alipomaliza akamrushia bata jirani yake, na jirani yake alikuwa Orest.

"Haya, baba," akasema Nesi Glenda. "Usiku wako ulikuwaje?"

Orest alimtazama yule bata kwenye jicho lake moja. Nadhani alikuwa na uhakika kwamba akisema yeye ni fundi, sote tutaona aibu, na kumtia aibu mtu anayekupa kahawa ni jambo ambalo mama yake hakumfundisha.

"Sikulala," akasema. "Saa tisa za usiku naamka. Natembea. Jikoni mpaka mlangoni, mlangoni mpaka jikoni. Hatua ishirini na mbili. Hivyo hivyo mpaka kunakucha."

Mama Ruby akaangua kilio. Huyu ni Kaylene, binti wa miaka ishirini na miwili, mumewe yuko kaskazini kwenye visima vya mafuta, wiki tatu kazini na moja tu nyumbani, na yeye nyumbani peke yake na kachanga kanakolia kama king'ora. "Na mimi!" akasema. "Saa tisa hiyo hiyo! Nilidhani ni mimi peke yangu mji mzima!"

"Anaitwa nani wako?" nikadakia mimi, kwa kiherehere changu. Hapo nilivunja sheria ya bata, nakiri.

 "Doreen," akasema Orest.

"Jamani, majina ya bibi zetu yanarudi!" nikasema, na wanawake wote wakakubali kwamba ni jina zuri sana.

Umri wa Orest hatukuuliza. Kwetu kumuuliza mtu mzima umri wake ni sawa na kumwomba avue soksi. Baada ya kahawa akaenda nyuma, akaurekebisha mtambo wa joto kwa nusu saa, tukampigia makofi. Nesi Glenda akapiga simu Tolvik hapo hapo. "Hamna haja tena! Mmoja wa akina baba wetu ameutengeneza. Na huyo fundi wenu mvivu mwambieni abaki huko huko!" Fundi mvivu alikuwa ananawa mikono hatua mbili kutoka kwake. Alimwitikia kwa kichwa.

Jumatano iliyofuata alirudi, bila kuitwa. Aliniambia baadaye kwamba wiki ile nzima alitengeneza mitambo kumi na minne katika nyumba kumi na nne, na hakuna mtu mwingine aliyemuuliza usiku wake ulikuwaje.

Basi akawa Baba Doreen. Sasa, mtu asiyejua watoto atasema nini juu ya mtoto kila wiki? Orest alijua kitu kimoja tu duniani, akakikopa.

"Wiki hii ananguruma," alituambia Februari. "Ananguruma, anakohoa mara mbili, halafu kimya. Huo ukimya ndio unaonitisha kuliko kelele. Unakaa hapo unasikiliza, unajiuliza, atawaka tena au ndiyo basi?"

Akina mama wote wakashika vifua. Hakuna kitabu kilichowahi kutuelezea hivyo.

"Na anavuja, baba?" akauliza Nesi Glenda.

"Anavuja, mama. Kwenye maungio. Unaziba hapa, anatokea kule."

"We acha tu," akasema Dallas kwa sauti ya chini, na nikashangaa, maana mapacha wake walikuwa hawavuji kamwe.

Niseme ukweli wa duara lile. Sisi wengine tulikuwa na watoto wa maonyesho. Mapacha wa Dallas walikula mchicha. Wa mchungaji alijifundisha kukalia poti akiwa na miezi tisa. Anton wangu alilala saa moja jioni, akaamka saa moja asubuhi akicheka. Ukimtoa Ruby na kilio chake, Doreen peke yake ndiye aliyekuwa shetani. Alitapikia mapazia, alimng'ata nyanya yake, alikataa maziwa siku mbili kisha akanywa ya siku tatu. Tulimpenda mno. Tulikuwa tunarudi nyumbani tumepona.

Na ushauri wa Orest ulifanya kazi, hilo ndilo la kukera. Mama Ruby alipolalamika gesi ya tumbo, Orest alifikiri, akasema, "Mimi Doreen namweka kwenye kiti chake, namtua sakafuni, mgongo wa kiti umegusa mashine ya kukaushia nguo ikiwa inazunguka, nami nakaa naye nimemshika. Mtetemo unasukuma hewa itoke kwenye bomba." Mama Ruby akafanya hivyo. Ruby akajamba, akalala saa tatu mfululizo. Tangu siku hiyo Mama Ruby hakukosa Jumatano, na kiti chake kilikuwa daima kando ya Baba Doreen.

Ni kweli Doreen mwenyewe hatukumwona. Saa nne ndiyo saa yake ya kulala. Mwezi wa tatu aliumwa masikio, wa tano tetekuwanga, wa saba alikuwa ziwani na nyanya yake aliyeng'atwa. Tulimtumia soksi, kofia, sungura wa sufu, na Orest alivipokea kwa mikono miwili, uso umemwiva.

Kisha ikaja Desemba, na mila yetu. Mtoto wa duara akitimiza mwaka, anaokewa keki yake peke yake, anakalishwa katikati, na anaivamia kwa mikono yote miwili huku sote tukipiga kelele. Doreen, ambaye Orest alituambia ni wa Desemba, ndiye aliyekuwa anafuata.

"Naoka mimi!" akasema Mama Ruby. "Jumatano ijayo. Nataka kumbeba, Baba Doreen. Sitaki kusikia neno."

Orest akawa mweupe kama unga. "Ana tetekuwanga."

"Alikuwa nayo mwezi wa tano," akasema Nesi Glenda.

"Imerudi."

"Hairudi hiyo, baba."

"Basi ni ile nyingine," akasema Orest, akachukua mfuko wake na kuondoka bila kumaliza kahawa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika wilaya yetu.

Wiki hiyo, kama alivyonisimulia, alihangaika kweli. Asipomleta Doreen, anapoteza kiti, bata, Jumatano, watu wote. Alikwenda kwa mpwa wake kuazima mtoto. Mtoto aliyekuwepo alikuwa wa kiume, ana miaka minne, na kwa kuulizwa tu kama angependa kuitwa Doreen alimpiga Orest teke la ugoko. Akafikiria kumhamishia Doreen ughaibuni. Akafikiria kumfanya mgonjwa sana, na kuna kitu kilichofuata baada ya hapo ambacho hakuweza kukifikiria mpaka mwisho.

Jumatano akaja peke yake, mfuko begani. Mezani kulikuwa na keki ya maziwa, imeandikwa jina kwa sukari ya waridi, mshumaa mmoja katikati. Mama Ruby alikuwa amevaa gauni la sherehe.

"Yuko wapi mwanangu?"

 Orest akamfuata bata, akamshika kwa mikono miwili, akakaa.  Kwa mguu akauvuta mfuko, akaufungua mbele yetu. Spana. Bisibisi. Bomba la shaba. Chujio jipya la hewa.

"Mimi ni fundi wa mtambo," akasema. "Nilikuja Januari kuwatengenezea. Mkanipa kahawa. Sina mtoto. Sijawahi kuwa naye."

Nesi Glenda aliokota spana moja, akaitazama. "Wewe ndiye yule mvivu?"

"Ndiyo, mama."

Mchungaji alitazama dari. Dallas alisema "Yesu wangu," halafu akamwomba radhi mchungaji. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani soksi nilizofuma. Lakini Mama Ruby alisimama, na sauti yake haikuwa ya kitoto tena.

"Miezi kumi na mmoja," akasema. "Kila usiku saa tisa nikiamka nasema, na Baba Doreen yuko macho. Nasema, yule mzee anatembea na wake, na mimi nitembee na wangu. Kumbe ulikuwa umelala! Kumbe nilikuwa peke yangu muda wote!"

"Hapana," akasema Orest. "Hiyo ya saa tisa ni kweli."

"Usinidanganye tena."

"Ni kweli, binti yangu. Hatua ishirini na mbili. Doreen ni mke wangu. Nilimzika mwaka jana, wiki tatu kabla sijaja hapa. Saa tisa ndiyo saa aliyokuwa anaamka kuchukua dawa, nami naamka bado." Akamgeuza bata mapajani. "Mliniuliza jina, likanitoka lake. Baadaye mkawa mnamuulizia kila wiki, anakula, amelala, meno yametoka. Wiki hii nilitaka kumwua kwa ugonjwa ili yaishe. Sikuweza. Singeweza kumzika mara ya pili."

 Anton wangu alikuwa anatafuna soksi ya mtu.

Sijui nini kilinipata. Niliinuka, nikamnyang'anya Orest yule bata. "Anton halali," nikasema. "Hajawahi kulala. Namzungusha kwenye gari, naizunguka ghala ya nafaka mpaka petroli inaisha. Saa moja kwa saa moja ni uongo mtupu."

Dallas akanipokonya bata kabla sijamaliza. "Wangu hawajui mchicha ni nini! Wanakula chipsi garini, nami nawapanguza midomo kabla mama yao hajafika!" Mke wa mchungaji naye akanyoosha mkono, mchungaji akajaribu kuushusha, akashindwa. Kuhusu lile poti sitasema zaidi, maana ni watu wa Mungu.

Kumbe, ukimtoa Mama Ruby, katika duara zima aliyesema kweli juu ya kulea mtoto ni mmoja tu, na huyo hakuwa na mtoto.

Orest alikuwa ameanza kukusanya spana zake. "Mtambo nimeuangalia nilipokuwa naingia," akasema. "Utadumu mpaka Machi. Mkihitaji mtu, kuna kijana mzuri pale Tolvik."

"Unakwenda wapi?" akauliza Mama Ruby.

"Nyumbani."

"Na keki? Nani ataivamia? Nimeamka saa tisa kuioka, unadhani niliamkia nini?"

Akamshika mkono, akamkalisha sakafuni katikati ya duara, kwenye blanketi la watoto lenye picha za bata na sungura, mzee mzima na masharubu yake. Nesi Glenda akawasha mshumaa. Mwaka mmoja. Orest aliutazama mpaka nta ikaanza kuteremka kwenye sukari, halafu akauzima kwa pumzi ndefu. Akakunja mikono ya shati, kama afanyavyo kabla ya kufungua mtambo, akaizamisha mikono yote miwili ndani ya keki mpaka kwenye vifundo. Tukapiga kelele, ndiyo mila. Alikuwa analia na masharubu yamejaa krimu, na watoto walikuwa wanamtambalia kutoka kila upande.

Mama Ruby alichukua tishu za maji akamfuta, kidole kimoja kimoja, vile vile anavyomfuta Ruby.

"Saa tisa nitakupigia simu," akasema.

"Nitakuwa macho," akasema Baba Doreen.